Mwanaikolojia anataka kuhariri na kuandika sayansi kwa kujitegemea akiwa Kigoma: atoze vipi, aangalie nini?

Kibirizi_Juu

Wakuu, habari za leo. Naomba mwongozo. Nina shahada ya uzamili ya ikolojia, nipo Kigoma mjini. Mikataba ya miradi inakuja na kukatika, lakini watafiti na asasi za uhifadhi hawaachi kuniletea maandiko yao ya Kiingereza niyanyooshe. Nataka sasa iwe ndiyo kazi, pamoja na makala za sayansi kwa Kiswahili. Mezani kuna mswada wa maneno 6,000 kuhusu uvuvi wa dagaa na migebuka. Mwenye mswada ni mtafiti wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, anauliza bei. Nimtajie ngapi? Cheti kinahitajika? Na hela ya nje inapokelewaje?

Mhariri_Ujiji

Karibu ndugu. Usitaje bei kabla hujaupima mswada. Omba faili lote, kisha chukua maneno 250 kutoka kwenye mbinu na 250 kutoka kwenye mjadala. Usipime kwa ikisiri, maana ikisiri imeshapita mikononi mwa waandishi wote na imeng'aa kuliko kilichomo ndani. Mjadala ndio unaoonyesha hali halisi.

Hariri maneno hayo 500 kwa umakini uleule utakaoutumia kwenye kazi yote, saa ikiwa mezani. Tuseme umetumia dakika 40. Maneno 6,000 ni vipande 12 vya namna hiyo, kwa hiyo dakika 480, yaani saa 8. Ongeza saa 2 za majedwali na rejea, na saa 1 ya kuusoma tena mwandishi akisharudisha majibu. Jumla saa 11. Wanaoanza wengi huzisahau hizo saa 3 za mwisho, wakaishia kufanya robo ya kazi bure.

Thamani ya saa ipate kwa kuanzia unachohitaji kwa mwezi. Ukihitaji 1,200,000 na ukatarajia saa 60 za kulipwa, ni 20,000 kwa saa, na mswada huu unakuwa 220,000. Usihesabu saa 160 kama mwajiriwa, kwa sababu kutafuta wateja, kuandika ankara na kusubiri majibu hakuna anayekulipa. (Hizo shilingi ni za mfano tu, weka zako.)

Mteja mtajie jumla, usimtajie saa. Kwenye barua pepe ya makubaliano andika kiwango cha uhariri: lugha tu, au lugha pamoja na mpangilio wa hoja. Andika pia idadi ya maneno, kwamba bei ina duru moja ya marekebisho, tarehe ya kurudisha, na nusu ya malipo kabla ya kuanza. Idadi ya maneno ni muhimu sana. Mswada wa 6,000 una tabia ya kurudi ukiwa 7,400 baada ya msimamizi wa mteja kuuongezea.

Cheti si sharti. Kipo cha BELS, bodi ya wahariri wa sayansi za uhai, ambacho kinataka shahada na uzoefu wa angalau miaka 2 wa kuhariri. Kifikirie baadaye. Kwa sasa mteja anataka kuona kurasa 2 ulizohariri.

Dada_wa_Gungu

Naongezea kwenye uhariri wenyewe, kwa sababu hapo ndipo mwanaikolojia anapomzidi mwalimu wa Kiingereza.

Kaka, mswada wako una mtego kwenye majina. Kanuni ni kuandika jina lote mara ya kwanza, kisha kufupisha jenasi, yaani neno la kwanza la jina la kisayansi: *Stolothrissa tanganicae* inakuwa *S. tanganicae*. Lakini *Limnothrissa miodon* na *Lates stappersii* zote zinaanza na L. Ukiandika *L. miodon* na *L. stappersii* kwenye aya moja, msomaji atadhani ni jenasi moja, ilhali mmoja ni dagaa na mwingine ni migebuka anayemla huyo dagaa. Hizo mbili ziache kwa urefu, au tumia *Li.* na *La.* kama jarida linaruhusu.

Tena hapohapo, utakuta *Lates stappersii* (Boulenger, 1914) ina mabano na *Stolothrissa tanganicae* Regan, 1917 haina. Usiyasawazishe! Mabano yana maana: spishi iliwekwa kwanza kwenye jenasi nyingine, ikahamishwa baadaye. Mhariri asiyejua hilo huyaondoa "ili zifanane" na kuharibu kilichokuwa sahihi.

Mwandishi aliyesoma kwa Kifaransa huandika 3,5 akimaanisha 3.5. Maandishi yatarekebishwa, ila majedwali na mihimili ya grafu huachwa nyuma. Pitia namba moja moja, usitumie amri ya kubadilisha zote kwa mpigo, maana 1,200 inaweza kuwa elfu moja na mia mbili kweli. Ukiwa na shaka, uliza.

Kwenye Excel angalia safu za madaraja ya urefu. "5-10" hugeuka tarehe yenyewe, na jedwali linatoka na "05-Okt" katikati ya milimita. Jumlisha kila safu upya. Asilimia zikifika 99 au 101 kwa kukadiria, sawa, lakini 94 ni kosa. "p = 0.000" iwe p < 0.001. Alama ya ± ikikosa maelezo, uliza kama ni mchepuko sanifu (data imetawanyika kiasi gani) au kosa sanifu (wastani una uhakika kiasi gani). Usikisie, kwani la pili siku zote ni dogo na huipa data sura ya utulivu isiyo nayo.

Kuna na lile ambalo sarufi haiwezi kulionyesha. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikikolea taa haivuti kitu. Mwandishi akilinganisha kilo kwa chombo kwa usiku za wiki mbili bila kutaja mwezi ulikuwaje, huenda hiyo ndiyo tofauti anayoipima, si wingi wa samaki. Weka swali pembeni: "Je, siku za sampuli zote mbili zilikuwa za giza?" Usimwandikie jibu. Swali la hivyo linaweza kumwokoa mtu asikataliwe na jarida.

Mabadiliko yote yaonekane: Ctrl+Shift+E kwenye Word kabla hujagusa herufi. Rudisha faili mbili, moja yenye alama na moja safi. Na tafadhali, mswada wa mtu ambao haujachapishwa usiubandike kwenye programu za akili bandia bila ruhusa yake ya maandishi. Data ile ni jasho la mtu.

Hesabu_Mwanga

Upande wa hela kwa kifupi. Mteja wa nje alipe benki kwa benki. Ankara iwe na jina lako kama lilivyo kwenye akaunti, herufi kwa herufi, namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT. Jina likipungua herufi moja malipo yanaweza kukwama. Andika kwamba gharama za kutuma ni za mtumaji, yaani achague OUR. Akichagua SHA (mnagawana gharama) au BEN (unazibeba wewe), benki za katikati zinamega kabla hela haijakufikia, na kwenye kiasi kidogo maumivu yake unayaona.

Asasi ya hapa nchini mwandikie ankara ya shilingi, kwani kanuni za 2025 zimezuia kutaja bei kwa fedha za kigeni kwenye miamala ya ndani. Itakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Dai hati yake siku hiyohiyo, maana ndiyo ushahidi wako wakati wa hesabu za mwaka. Namba ya mlipakodi inatolewa bure TRA, usimlipe mtu wa pembeni.

Kibirizi_Juu

Asanteni sana, nimeshapima: dakika 55 kwa maneno 500. Swali la mwisho. Nataka kuandika makala ya Kiswahili kuhusu joto la ziwa na kupungua kwa dagaa. Nikimpelekea mhariri wa gazeti, niandike yote au pendekezo kwanza?

Dada_wa_Gungu

Dakika 55 ni saa 11 za lugha peke yake, ndugu yangu. Ukiongeza zile 3 zinakuwa 14. Mwambie kabla hujaanza.

Makala: pendekezo kwanza, maneno 200 hadi 300. Sentensi mbili za mwanzo ziseme habari yenyewe, kisha kwa nini sasa, utaongea na nani, urefu, picha zipo au la. Wiki 2 zikipita kimya, kumbusha mara moja, halafu peleka kwingine. Usipeleke sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Kwenye mada hiyo jihadhari na sentensi ya "joto limeondoa oksijeni ziwani". Ziwa lina kina cha mita 1,470, na chini ya mita 100 hadi 200 hivi maji hayana oksijeni tangu zamani. Kinachobadilika ni kuchanganyika. Virutubisho vimelala chini, na upepo wa kusi wa Mei hadi Septemba ndio unaosaidia kuvipandisha. Maji ya juu yakizidi joto yanakuwa mepesi, yanakaa juu kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo uleule haufanyi kazi ileile. Mwani unapungua, na chakula cha dagaa kinapungua. Hapo umemfikisha msomaji bila neno gumu hata moja.

Na usiubebeshe joto lawama zote. Uvuvi umeongezeka pia, ndiyo maana ziwa lilifungwa miezi 3, Mei hadi Agosti 2024. Weka sababu zote mbili aya zinazofuatana.

Jambo jingine, taja ni dagaa gani. Dagaa wa Mwanza ni *Rastrineobola argentea*, samaki mwingine kabisa, na msomaji wa Dar anaweza kuwa anamfikiria wa baharini. "Dagaa wa Kigoma" iwe kwenye sentensi ya kwanza, jina la kisayansi mara moja tu, basi. Vivyo hivyo siku ukiandika Gombe: sokwe si nyani, na hifadhi ile ina wote wawili.

Mhariri_Ujiji

Kabla hujampa mhariri wa gazeti, msomee kwa sauti mtu wa mwaloni pale Kibirizi aya ile ya kuchanganyika kwa maji. Akikuuliza swali, hapo ndipo pa kuandika upya.