Usaili wa benki: nikiulizwa ninachopenda nje ya kazi, nitaje bao?

Mvumilivu wa Chumbageni
Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine habari za jioni. Nimeitwa kwenye usaili wa mahojiano wa nafasi ya mhasibu msaidizi katika benki moja hapa Tanga, na tangu nipate barua usingizi umeniruka. Maswali ya hesabu hayanitishi. Kinachonitisha ni lile swali la mwisho: ukitoka kazini, unapenda kufanya nini? Mimi ninapenda bao la kiswahili, lile la kete za komwe, ninalocheza barazani baada ya alasiri hadi adhana ya magharibi. Nikilitaja, ninaogopa wataniona kijana wa kijiweni. Nikisema kuogelea, nitakuwa nimesema uongo. Naombeni ushauri.

Mama Salama
Mwanangu, sema ukweli. Binti yangu aliandika kwenye wasifu wake kwamba anapenda kusoma riwaya, na msaili akamuuliza riwaya ya mwisho aliyoisoma ilimalizikaje. Alibaki kimya hadi wakahamia swali jingine. Ila na ninyi vijana mpunguze baraza. Jioni nzima mmekaa huku wazazi wenu wanajichotea maji wenyewe.

Mhasibu Mstaafu
Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo kwa miaka mingi. Swali hilo huulizwa ili kuona kama mtu anaweza kueleza jambo analolijua kwa watu wasiolijua, bila kubabaika. Basi waeleze: mashimo 32, kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, ambazo huzinamua, yaani huziingiza ubaoni moja moja, kabla mchezo haujaingia mtaji, yaani hatua ya kucheza kwa kete zilizomo ubaoni tu. Waambie unavyohesabu kete zitaishia shimo gani kabla hujazigusa, kwa sababu ukishazishika umeshaamua. Kwa mhasibu, hayo ni maneno mazito, na dakika moja inatosha.

Kipanga wa Makorora
Hata Mwalimu Nyerere alilipenda bao. Chukua ubao wako uende nao, mkuu. Msaili akikufunga atafurahi, na kazi utapewa palepale.

Dada Mdadisi
Kaka, kuna jambo hulisemi. Mtu hakosi usingizi kwa swali la dakika moja. Bao hilo unacheza na nani, na je, mnachezea fedha?

Mvumilivu wa Chumbageni
Hatuchezei hata senti. Ila, kwa kuwa umeuliza, mmoja wa wazee ninaocheza nao ni mkuu wa idara hiyohiyo, naye atakuwa kwenye jopo. Nimekwisha kuamua kwamba nitaingia kama simjui, kwani sikumwomba upendeleo, tangazo lilitoka gazetini kwa kila mtu, na mtihani wa kuandika niliufaulu kwa kalamu yangu mwenyewe. Tatizo ni kwamba nikitaja bao naye akatabasamu, wenzake wataelewa.

Kobe Mpole
Uzi huu umetungwa. Wasailiwa hawapewi majina ya wanajopo, wewe umeyajuaje?

Mvumilivu wa Chumbageni
Sijatunga. Aliniambia mwenyewe huku akisambaza kete, bila kuinua uso: «Tutaonana Alhamisi.»

Kobe Mpole
Basi kama ni kweli, ni vibaya zaidi kuliko kama ungetunga.

Mhasibu Mstaafu
Awe ametunga au hakutunga, jambo hili hutokea, na lina utaratibu wake. Mwenye wajibu wa kutangaza mgongano wa maslahi ni mwanajopo, tena kabla usaili haujaanza, ili wenzake waamue kama abaki au ajitoe. Mkumbushe mapema. Ukijifanya humjui, kisha siku moja mkaonekana mmekaa ubao mmoja, kazi uliyoipata kwa haki itaitwa kazi ya kupewa, na yeye atakuwa matatani kuliko wewe.

Mvumilivu wa Chumbageni
Nimekuelewa, mzee wangu, lakini kumwambia mtu wa rika la baba yangu kwamba ajitoe ni kumvunjia heshima. Pengine nimtume mjomba akazungumze naye.

Dada Mdadisi
Usimtume mjomba, kwa kuwa hapo ndipo itakapoonekana ukoo mzima unakutafutia kazi. Mfuate mwenyewe kesho kabla ya alasiri, baraza likiwa bado halijajaa watu, umwombe awaeleze wenzake kwamba mnafahamiana. Bao utalitaja bila hofu akishafanya hivyo.