Ndege mmebadili, viti vyetu mmevipeleka wapi?

Wakuu, nina hasira na naandika nikiwa nayo hivi hivi.

Nilikata tiketi mbili za daraja la biashara, yangu na ya mama. Mama alifanyiwa upasuaji wa goti. Hawezi kukaa saa nyingi mguu ukiwa umekunjwa, na usiku hawezi kumruka mtu aliyelala ili afike msalani. Biashara tumeilipia kwa sababu hiyo tu. Vyakula vyao na vinywaji vyao wabaki navyo.

Ramani ya viti niliikagua kama mtu anayenunua kiwanja. Ndege iliyotangazwa ilikuwa na mpangilio wa 1-2-1, yaani kila safu ina kiti kimoja dirishani, viwili katikati na kimoja dirisha la pili, na njia kati yao, ambao kila abiria anatokea njiani bila kumgusa mwenzake. Viti vyake vinapishana: safu moja vile viwili vya katikati vimekaribiana, safu inayofuata vimetenganishwa na meza. Nikachukua safu ya vilivyokaribiana, ili mama akihitaji kitu aninong'oneze tu. Safu zinazopakana na jiko nikazikwepa, maana pale mapazia yanafunguliwa kila dakika, taa zinamulika, na droo za vyombo zinagongwa usiku kucha. Nikalipa ada ya kuchagua, uthibitisho ukaja na namba za viti vyetu.

Halafu ikaja barua pepe: "Kuna badiliko dogo katika safari yako. Huhitaji kufanya chochote."

Tarehe ile ile, saa ile ile, namba ya safari ile ile. Nikafungua mwenyewe kuangalia kilichobadilika nini, nikakuta ndege ni nyingine kabisa, mpangilio 2-3-2. Mimi nimewekwa dirishani. Mama yangu, mwenye goti lile, yuko kiti cha katikati cha vile vitatu, safu tofauti na yangu, na mtu asiyemjua kila upande. Akitaka kutoka, lazima mmoja wao aamke. Na viti vyenyewe ni vya kizazi cha zamani, vinalala kwa mteremko, ukisinzia unateleza kuelekea miguuni. British Airways walileta kiti kinacholala bapa kabisa kwenye biashara tangu mwaka 2000! Leo hii mtu anauziwa kitanda bapa, anapelekewa mteremko, na anaambiwa ni badiliko dogo.

Dogo kwa nani?

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Aliyepokea alikuwa na adabu, simlaumu yeye. Lakini jibu alilopewa akalisome ndilo lililonipandisha hasira: "Kaka, bado mko daraja la biashara, kwa hiyo hakuna mlichopoteza. Namba ya kiti haina dhamana." Nikamwambia naona viti viwili vya ubavuni, vimeshikana, vitupu. Mama akae cha njiani, mimi nikae cha dirishani. Akasema vimefungwa kwa ajili ya wanachama wa ngazi ya juu, wale wasafiri wa mara kwa mara wa shirika. Yaani aliyechagua mapema na kulipa anaondolewa, na kiti kinachomfaa kinatunzwa kwa mtu ambaye huenda hata tiketi hajakata.

Sipingi kubadilisha ndege. Injini ina hitilafu, ndege imekwama kiwanja kingine, abiria wamekuwa wachache au wengi kuliko walivyotarajia, hayo yote yanatokea. Hata viwanda vinachangia. Boeing 777X ilitarajiwa kuanza kazi 2020, ikachelewa miaka, na mashirika yaliyoisubiri yakaendelea kurusha ndege zenye viti vya zamani. Sawa. Ila hakuna hitilafu ya injini inayomlazimisha mtu kumficha abiria kwamba kiti chake hakipo tena.

Mara nyingi kinachofanyika ni mfumo wa kompyuta kulinganisha namba kwa namba. Ukikuta namba ile ile kwenye ndege mpya, unakubakiza hapo hapo hata kama kiti hicho sasa kiko mbele ya choo. Usipoikuta, unakutupa palipo wazi. Na jina la ndege halikulindi: Boeing 777-300ER moja inaweza kuwa na 2-3-2, na nyingine ya shirika hilo hilo ikawa na 1-2-1. Ukisoma jina tu utadhani hakuna kilichobadilika.

Sheria nayo imetuacha njiani. Kanuni namba 261 ya 2004 ya Umoja wa Ulaya inasema ukishushwa daraja unarudishiwa asilimia 30, 50 au 75 ya nauli, kutegemea umbali. Hiyo ni ukishushwa daraja. Ukihamishwa kutoka kitanda bapa chenye njia yake kwenda katikati ya watu wawili, kwa kanuni hiyo hujashushwa, bado uko biashara! Marekani walau kanuni za 2024 zinalitaka shirika lirudishe ada ya huduma uliyolipia kisha usiipate, na kuchagua kiti kumo humo. Nashukuru, lakini ada ile ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Mimi naidai nafasi ya mama kunyoosha mguu.

Watu wananishauri nipige picha ramani ya viti na niwe naifungua mara kwa mara mpaka siku ya safari. Ushauri mzuri, naufuata. Lakini kwa nini abiria awe mlinzi wa kiti alichokwisha kukilipia?

Wanachotakiwa kufanya hakihitaji teknolojia mpya. Ndege ikibadilika, waliokuwa wamechagua viti wafunguliwe ramani mpya kwanza, kwa mpangilio ule ule waliochagulia, kabla ya kumfungia kiti mwanachama yeyote. Barua iseme wazi: ndege imebadilika, mpangilio ni huu, kiti chako kilikuwa hiki, sasa ni hiki, bonyeza hapa kama hukitaki. Ada irudi bila kuombwa. Na asiyetaka kusafiri kwa viti hivyo ahamishiwe safari nyingine ya shirika hilo bila faini.

Nimeshawaandikia malalamiko, nikaambatanisha uthibitisho wa viti vya mwanzo, risiti ya ada na barua ya daktari wa mama. Hawajajibu. Mwenye kujua njia ya kuvifungua viti vilivyofungwa kabla ya siku ya safari, au aliyewahi kuhamishiwa ndege nyingine kwa sababu ya mpangilio tu, aniambie alimwandikia nani na alitumia maneno gani. Mama bado hajui. Sitaki ajue kabla sijampatia kiti cha njiani.