Msata hadi Bagamoyo kusi likiwa usoni: kesho niendelee au nipande gari?

MtotoWaNgamiani
Shikamooni wakubwa. Tuko kumi na wawili kwa baiskeli, tumetoka Tanga Jumatano, leo tumelala Bagamoyo, kesho Dar. Alfajiri tumeondoka Mkata, na mpaka Msata nilikuwa napiga soga na wenzangu. Tulipokata kushoto kuingia zile kilomita 64 za Bagamoyo, upepo wa kusi ukatupokea usoni. Nikaachwa hatua hamsini, nikawakimbiza, sikuwapata tena. Tulipovuka mto Ruvu mapaja yakabana, nikashuka, nikakaa chini ya mti. Kifuniko cha chupa kilinishinda, vidole vimekufa ganzi. Nahodha wetu akarudi, akanifungulia chupa. Tulipoondoka akaniwekea mkono mgongoni, akanisukuma taratibu hadi Makofia bila kusema neno.

Nimekunywa lita nne za maji. Chakula, chapati mbili za asubuhi tu. Sasa wali uko mbele yangu na siutamani. Najiona mzigo kwa wenzangu.

FundiWaChumbageni
Marahaba mdogo wangu. Chapati mbili kwa safari ile ni njaa hiyo, na jasho limeondoka na chumvi. Maji matupu hayairudishi. Chukua lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kunywa kidogo kidogo.

Halafu mwezi huu wa saba kusi linatoka kusini-mashariki, na nyie mlikuwa mnalifuata hukohuko. Huo ni upepo wa omo kabisa, wa kutoka mbele. Ukikaa nyuma ya tairi la mwenzako, yeye ndiye anayekukatia upepo. Ukiachwa, unaukata wote peke yako. Piga kelele "punguzeni!" ukiwa hatua mbili nyuma, usingoje hamsini.

DadaWaDunda
Pole sana. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, usipande baiskeli wala gari la mizigo, nenda hospitali usiku huuhuu. Ukiwa wa kawaida, na asubuhi ukashuka ngazi bila kushika ukuta, ondoka nao.

Na hilo la mzigo liache. Sisi wa pwani jeneza tunapokezana mabegani, sembuse mgongo wa mwenzetu aliye hai.

MtotoWaNgamiani
Asanteni sana. Mkojo ni wa kawaida. Lita nimeimaliza, na wali nimeula na samaki wake. Nimemwomba nahodha kesho nikae nyuma ya tairi lake. Kakubali, tunaondoka saa kumi na mbili, kabla upepo haujaamka.