Ileostomi (tundu la tumboni linalotoa uchafu wa utumbo mdogo kwenye mfuko): mfuko unajaa maji matupu

Habari wakuu. Mgonjwa ana wiki ya 2 tangu apasuliwe. Anakunywa maji lita 3 na kiu haiishi. Afanyeje?

— Pole kwa kuuguza. Hayo maji ndiyo yanamkausha: utumbo unayamwagia chumvi ya mwili, vyote vinaishia mfukoni. Lita 1 ya maji safi, weka glukosi vijiko vya chai 6, chumvi 1, bikaboneti (baking soda) nusu. Sawazisha kila kijiko kwa kisu. Anywe kidogokidogo kutwa.

— Pimeni kwa jagi yaliyomo mfukoni kila mnapomwaga. Ikizidi lita 1.5 kwa siku, hospitali leo hii.

— Wali laini na ndizi mbivu huufanya uchafu uwe mzito. Mahindi, karanga, machicha ya nazi: wiki 6 za kwanza hapana, huziba. Mfuko ukikauka ghafla na tumbo likasokota, msimlishe, mkimbizeni.