Tupeane uzoefu: mazoezi ya balansi baada ya mzee (au wewe mwenyewe) kuanguka

Chuma Chakavu: Wakuu, nina miaka 63. Juzi navaa suruali nimesimama, mguu mmoja hewani, nikajikuta nimedaka pazia. Likaja lote na bomba lake. Kuna aliyefanya mazoezi ya kuzuia kuanguka yakamsaidia kweli? Nadharia sitaki, leteni yaliyowakuta.

Mama Wawili: Suruali! Mimi siku hizi navaa nimekaa kitandani.

Mtoto wa Mwisho: Mada hii imenitonesha. Mama yangu alikuwa na miaka 71, mtu wa kutembea, hana kisukari. Usiku akaamka kwenda msalani, taa hakuwasha asije akatuamsha. Alisimama ghafla, kizunguzungu kikamshika, akaingia hivyohivyo na kuanguka. Hakupiga kelele; baadaye alisema aliona aibu kukutwa vile. Alfajiri nikasikia kitu kinagonga ukuta, polepole. Nasukuma mlango, haufunguki. Unafungukia ndani, na yeye kalala nyuma yake! Kila nikisukuma analia. Tukatoa bawaba kwa bisibisi, skrubu zina kutu, mikono inatetemeka.

Nyonga ilivunjika. Upasuaji ulienda vizuri, ila hofu ilibaki: hanyanyuki bila kushikwa, na kadiri alivyokaa ndivyo mapaja yalivyozidi kuisha. Fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi) alianza na kiti tu: inuka, kaa, bila kujisukuma kwa mikono. Halafu kuinua visigino ameshika ukingo wa meza. Kisha kutembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, ukuta uko pembeni. Akamfundisha na kuinuka sakafuni: geukia ubavu, piga magoti, tambaa hadi kwenye kiti, jishikilie. Hilo la mwisho ndilo lililomrudishia moyo.

Ngazi Moja: Dah. Mlango mliubadilisha?

Mtoto wa Mwisho: Wiki hiyohiyo. Sasa unafungukia nje.

Mama Wawili: Wa kwangu nao unafungukia ndani, sijawahi kuliwaza hili.

Bwana Kifimbo: Mnajisumbua. Kutembea kila siku kunatosha.

Fizio Mstaafu: Hapana, mkuu. Kutembea kunafaa moyo, ila peke yake hakuzuii kuanguka. Balansi inategemea macho, sikio la ndani, na nyayo na viungo vinavyouambia ubongo mguu uko wapi. Njia ileile iliyonyooka haivipi kazi ya maana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka wenye miaka 65 na zaidi wachanganye balansi na nguvu, siku 3 au zaidi kwa wiki.

Bwana Kifimbo: Babu yangu kafika 90 bila mwongozo.

Mama Wawili: Babu yako alichuchumaa na kubeba mizigo kutwa. Hayo si mazoezi?

Bwana Kifimbo: Sikuwa naongea na wewe, dada.

Kipepeo: Piga mswaki umesimama mguu mmoja. Ukizoea, fumba macho.

Fizio Mstaafu: Kufumba macho ASIANZE nako! Ashike sinki kwanza, kisha kidole kimoja, kisha aachie.

Kipepeo: Na afanye peku, nyayo zihisi sakafu.

Ngazi Moja: Peku na sakafu ya vigae yenye maji? Viatu vilivyobana vizuri.

Mama Wawili: Mimi nacheza muziki jikoni. Kurudi nyuma, kugeuka. Hesabuni na hilo.

Kipepeo: Kuna utafiti wa Brazil wa 2022, watu wa miaka 51 hadi 75: walioshindwa kusimama mguu mmoja sekunde 10 walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa miaka iliyofuata.

Chuma Chakavu: Asante kwa kututisha.

Fizio Mstaafu: Ni dalili tu, mguu wenyewe hauui. Mwenye dawa za presha au za usingizi amwulize daktari, nyingine zinaleta kuyumba. Na ukiamka, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda.

Chuma Chakavu: Mguu wa kulia nafika hizo 10, wa kushoto nayumba mapema. Kawaida?

Fizio Mstaafu: Hutokea sana. Uzidishie wa kushoto, ukuta karibu. Ila kama umeanza ghafla kuyumba upande mmoja, nenda hospitali.

Bwana Kifimbo: Nimejaribu na mimi. Sisemi nimepata ngapi.

Ngazi Moja: Jamani turudi kwenye mlango. Fremu ileile inageuzwa, au lazima kuvunja ukuta?

Mtoto wa Mwisho: Yetu ilikuwa ileile. Fundi alihamisha bawaba tu.