Meli ya kivita kuzamishwa makusudi iwe makazi ya samaki, imekaaje hii?

Wakuu habari. Nimesoma kuhusu USS Oriskany, manowari ya kubeba ndege, Wamarekani waliizamisha wenyewe 2006 karibu na Pensacola, Florida, ili wapiga mbizi wapate pa kwenda. Hivi mafuta na sumu zake haziui samaki?

— Mkuu haizamishwi hivihivi. Wanakamua mafuta kwanza, wanang'oa vitu vya kumnasa mpiga mbizi, afu ndo wanatega baruti, ile ilizama dakika 37 tu. Ila kuna nyaya ziliachwa na PCB ndani (kemikali ya sumu) na EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, wakaruhusu, hapo mimi sikubali kabisa, sumu ile haiozi kirahisi.

— Mi nimezamia MV Dania hapa Mombasa, sio ya kivita, ilibeba mifugo, ikazamishwa 2002. Unashuka umeshika kamba huoni kitu, mara chuma kinatokea chini yako kimeota matumbawe laini, samaki wadogo wamejaa dirishani, aisee nilisahau hadi kuangalia geji ya hewa.

— Oriskany sitaha yake iko kama mita 44 chini ya maji, leseni ya kuzamia kwa burudani haifiki huko, ishia kwenye mnara wa juu ndugu yangu.