Ndoa ya wanawake wawili huko Marekani: tamko la kodi linajazwaje?

Mhasibu wa Katuba (Lubumbashi)

Ndugu zangu, salamu. Mdogo wangu ni muuguzi huko Nashville, katika jimbo la Tennessee, na mwezi wa kumi na mbili mwaka 2024 alifunga ndoa ya kiserikali na mwanamke mwenzake. Kwa kuwa katika ukoo mimi ndiye mhasibu, amenitumia karatasi zake kwa WhatsApp ili nimwambie namna ya kujaza tamko la kodi ya mwaka huo kabla ya tarehe 15 Aprili. Yeye alipata dola 78,000. Mwenzake, ambaye hufanya kazi nusu siku, alipata 22,000. Mdogo wangu ana mtoto anayemlea tangu kabla ya ndoa, na ndiyo sababu miaka yote amekuwa akijaza kama mkuu wa kaya, yaani mtu asiye na ndoa anayelea mtegemezi. Mfanyakazi mwenzake amemhakikishia kwamba aendelee vivyo hivyo, kwa madai kuwa serikali kuu haihesabu ndoa ya watu wa jinsia moja.

Mimi nimezoea IPR yetu, yaani kodi ya mishahara ya hapa Kongo, ambayo mwajiri amekuwa akiikata kwenye mshahara wa kila mtu peke yake, na ambamo familia imeonekana tu katika lile punguzo la asilimia 2 kwa kila mtegemezi. Naomba mwongozo wa wanaojua kodi ya kule. Mambo ya ukoo yana wazee wake. Hapa nauliza kodi tu.

Mama wa Kampemba

Mwanangu, maneno ya huyo mfanyakazi yalikuwa kweli hadi mwaka 2013. Sheria ya 1996 iliyoitwa DOMA iliamuru kwamba, kwa mambo yote ya serikali kuu, ndoa ni ya mwanamume na mwanamke peke yao, kwa hiyo hata waliooana kihalali walijaza kama watu wasio na ndoa. Sheria hiyo iliangushwa na kesi ya kodi. Edith Windsor wa New York alifiwa na mke wake, Thea Spyer, mwaka 2009, akatozwa kodi ya urithi ya dola 363,053 ambayo mjane wa mwanamume asingetozwa. Akashtaki, na tarehe 26 Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa haki.

Mwezi wa Agosti mwaka huohuo, IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, ikatangaza kwamba kinachoangaliwa ni mahali ndoa ilipofungwa, si mahali wanandoa wanapoishi. Ndiyo maana kwa karibu miaka miwili wakazi wa Tennessee waliooana New York walikuwa wanandoa mbele ya IRS na watu baki mbele ya jimbo lao, mpaka uamuzi wa mahakama hiyohiyo wa Juni 2015 ulipoyalazimisha majimbo yote kuzitambua ndoa hizo. Angalia jambo moja: muungano uliosajiliwa ambao sheria ya jimbo haiuiti ndoa, IRS haiuhesabu. Muulize kama cheti chake kimeandikwa ndoa.

Mwana wa Ruashi

Kwa heshima zote, kifungu cha 40 cha Katiba yetu kinasema ndoa ni ya watu wa jinsia tofauti. Sioni faida ya kuyajadili haya Lubumbashi.

Mhasibu wa Katuba

Nakubali, kaka, kwamba hapa kwetu ndoa hiyo haiandikwi, na DGI, idara yetu ya kodi, haina la kuihusu. Lakini kodi hii inadaiwa Nashville, na akijaza vibaya, faini italipwa na mdogo wangu, si na Katiba yetu. Mama, asante; cheti ni cha ndoa kabisa.

Yaya wa Kamalondo

Basi tuingie katika hesabu. IRS huangalia hali ya mtu tarehe 31 Desemba. Aliyeoa au kuolewa siku hiyo huhesabiwa kuwa na ndoa mwaka mzima, na kwa kuwa wanaishi nyumba moja, ukuu wa kaya umekwisha. Wanabaki na njia mbili: kujaza pamoja, au kila mmoja kujaza lake kama mwenye ndoa.

Wakijaza pamoja, dola 100,000 zinapunguzwa 29,200, yaani punguzo la kawaida la 2024, zinabaki 70,800, na kodi ni 8,032. Wakijaza kila mmoja lake, kila mmoja anapata punguzo la 14,600: mdogo wako analipa 9,001 na mwenzake 740, jumla 9,741. Kujaza pamoja kunawaokolea 1,709, kwa sababu sehemu ya mshahara mkubwa inashuka kutoka ngazi ya asilimia 22 hadi ya 12. Kama kila mmoja angepata 50,000, njia zote mbili zingetoa 8,032 ileile. Tofauti ya mishahara ndiyo inayoleta nafuu. Jinsia haimo katika hesabu hii.

Lakini mwambie ukweli wote. Kama wangengoja hadi Januari, yeye angejaza kama mkuu wa kaya kwa punguzo la 21,900 na kulipa 6,401. Pamoja na 740 za mwenzake, jumla ingekuwa 7,141. Harusi ya Desemba imewagharimu dola 891. Nafuu ya mtoto, iliyokuwa dola 2,000 kwa mwaka 2024, sikuihesabu kwa kuwa anaipata kwa njia zote. Na Tennessee haitozi kodi ya jimbo kwenye mshahara, kwa hiyo hesabu inaishia hapo.

Mhasibu wa Katuba

Yaya, nimeelewa. Kuna hatari yoyote katika kujaza pamoja?

Yaya wa Kamalondo

Ipo. Wote wawili hutia sahihi, na kila mmoja anaweza kudaiwa kodi yote, hata ile iliyotokana na makuta ambayo mwenzake aliyaficha. Basi kila mmoja aone karatasi za mwingine kwanza. Pia kila mmoja ampelekee mwajiri wake fomu mpya ya W-4, ile inayomwonyesha mwajiri kiasi cha kodi cha kukata kwenye mshahara, maana kwa ile ya zamani mdogo wako bado anakatwa kama mkuu wa kaya.